Nahodha wa Xiaobei

Mara ya kwanza nilipomwona Nahodha ana kwa ana, alikuwa anakata utepe wa maboksi kwa meno.

Ilikuwa asubuhi, ghorofa ya chini ya jengo moja la biashara pale Huanshi Zhonglu, mahali ambapo wafanyabiashara wa Kiafrika wa mtaa wa Xiaobei tunafungia mizigo kabla haijapelekwa bandarini Huangpu. Nilikuwa na wiki tatu tu Guangzhou. Nilikuwa nimenunua mikoba ya kike, na wenzangu waliniambia nimtafute mfungaji mizigo mmoja, Mtanzania, mrefu, anayechechemea kidogo. Nikamkuta. Akageuka, utepe ungali mdomoni, na mimi karatasi zangu zote zikaniponyoka zikatawanyika sakafuni.

Mtu yule nilikuwa namjua. Baba yangu ni fundi cherehani Tanga, na ukutani juu ya cherehani yake, tangu nikiwa darasa la pili, kulikuwa na picha iliyokatwa gazetini: beki wa kati, jezi namba tano, kitambaa cha unahodha mkononi, ameinua kombe, mdomo wazi. Picha za ndugu zetu zilikaa ndani ya sanduku. Yake ilikaa ukutani. Na sasa alikuwa amesimama mbele yangu na kandambili za plastiki, jasho linamtiririka, anaokota karatasi zangu.

"Wewe si..." nikaanza.

"Ndiye," akasema. "Maboksi mangapi, dada?"

Nilimwambia saba. Yalikuwa manane. Sikuweza hata kuhesabu.

Sijui alizaliwa kijiji gani wala baba yake alikuwa nani. Hayo hakuyasema na mimi sikuuliza. Xiaobei yote ilimwita Nahodha, hata Wachina, ambao walidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Yule mama aliyetuuzia tepu na kamba alikuwa akimwona tu mlangoni anaita "Na-huo-da!" kwa sauti ya kuimba, naye anaitika kwa adabu kama mtoto wa shule.

Habari za uchezaji wake nilizisikia kwa watu wengine. Mchana wanaume walikusanyika kwenye mkahawa wa pilau wa mama mmoja wa Kizanzibari, na haikupita siku bila mmoja kuanza. Misimu saba kwenye klabu kubwa ya Dar, kadi nyekundu moja tu. Timu ya taifa. Kichwa alichopiga kwenye mvua dhidi ya majirani zetu, dakika ya mwisho, hata redio zikashindwa kusikika kwa kelele. Kisha klabu ya daraja la pili huko kaskazini mwa China, misimu miwili, baridi, goti, na mwisho wa mkataba. Badala ya kurudi nyumbani akapanda treni kuja Guangzhou kwa sababu aliambiwa huku kuna watu wanaongea Kiswahili.

Yeye mwenyewe wakati wa hadithi hizo alikula kimya. Msimuliaji akifika kwenye lile goli, Nahodha anainuka kwenda kunawa. Siku moja Mkomoro mmoja akamfuata mpaka kwenye bomba.

"Nahodha, tuambie wewe. Ulijisikiaje mpira ulipoingia?"

"Nililowa," akasema, akachukua kitambaa akajifuta mikono.

Nilimkasirikia siku ile kwa niaba ya baba yangu. Baba alikuwa amelilia goli lile.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Alikuwa ameunda timu ya wafanyabiashara: Watanzania, Wakenya, Wakongo wawili, na huyo Mkomoro. Walicheza kwenye uwanja wa nyasi bandia nyuma ya maghala ya fanicha. Yeye ndiye alikuwa kocha, meneja, mfua jezi na mpanga ratiba. Mwenye uwanja, ambaye sote tulimwita laoban, yaani bosi, kila tulipoomba muda alijibu neno moja: meiyou. Hakuna. Wengine walibishana naye, wakapandisha sauti, wakaondoka mikono mitupu. Nahodha alikuwa akikaa kwenye ngazi ya ofisi yake, bila neno, mikono juu ya mapaja, akimtazama. Dakika ishirini, nusu saa. Laoban anapokea simu, anakunywa chai, anapanga faili zake upya, mwisho anapiga meza na kumwandikia saa mbili za uwanja. Mara tatu nililiona hilo, na mara zote tatu sikuamini.

Baadaye, Kichina kilipokuwa kimenikaa mdomoni, mimi akanifanya katibu. Wanaume walinung'unika, mwanamke atawezaje kukaa kwenye benchi la timu. Akawauliza, "Nani kati yenu anaweza kuandika jina lake kwa Kichina kwenye fomu ya mashindano?" Kimya. "Basi asanteni." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote. Lakini huyo huyo hakuniruhusu hata siku moja kusikiliza maneno aliyowaambia kabla ya mechi. Nilikuwa nasimama nje ya mlango na daftari langu kama mtu anayesubiri gari.

Alitazama mpira kwenye televisheni akiwa amezima sauti. Alisema mtangazaji anamwambia pa kuangalia, na yeye anataka kuangalia kwingine. Viatu vyake alivisugua kwa mswaki. Uwanjani hakuita mtu jina, aliita nafasi: "Beki wa kulia, umelala?" "Winga, nyumbani kwako ni huko pembeni, umehama lini?" Wabeba mizigo wa Kichina aliongea nao kwa upole ambao wachezaji wake hawakuwahi kuuonja. Na alikuwa hajui kuomba radhi. Kabisa. Siku moja alimfokea Mkomoro mbele ya watu kwa kuchelewa, kumbe mwenzie alikuwa kituo cha polisi akihuisha karatasi zake za kuishi. Nahodha hakusema kitu. Kesho yake Mkomoro alikuta mfuko wa machungwa umetundikwa kwenye kitasa chake. Sote tulielewa. Lakini neno lenyewe hakulitamka.

Kuhusu goti nilijua kwa bahati mbaya. Kiangazi kimoja lilivimba akashindwa kushuka ngazi, nikampeleka hospitali ili nimtafsirie. Daktari, mwanamke wa makamo, aliweka picha kwenye taa, akaiangalia, akavua miwani, akaivaa tena. Aliniuliza jambo ambalo nilimwomba arudie kwa sababu nilidhani sijaelewa Kichina.

"Anauliza goti hili limechomwa sindano mara ngapi," nikamwambia Nahodha.

"Mwambie sikuhesabu."

Daktari aliposikia jibu alimtazama kama mtu aliyetoka kwenye ajali ya basi akitembea.

Tulikaa nje kwenye benchi kusubiri dawa, na hapo ndipo aliponisimulia, bila kuombwa, macho kwenye lifti. Ilikuwa fainali, nyumbani. Tangu asubuhi aliwaambia goti limekataa. Kiongozi mmoja wa klabu alisimama mlangoni pa chumba cha kuvalia, mikono nyuma, wakati daktari wa timu anachoma sindano ya ganzi. Kipindi cha kwanza akasikia kitu kimekatika ndani. Alikisikia kwa masikio, kama mtu aliyevunja kijiti. Maumivu hakuyasikia.

"Nikacheza mpaka mwisho, dada. Nilikuwa nakimbia kwa mguu ambao haupo, na sikujua. Ile picha ya kombe, watu wanadhani nilikuwa nashangilia. Ganzi ilikuwa imeanza kuisha."

Picha ile nilikuwa nimekua nikiitazama, mdomo ule uliokuwa wazi. Baba alikuwa akiwaonyesha wageni wakija: tazameni furaha hiyo.

"Tangu nianze kusimamia timu," akasema, "nimejiwekea jambo moja tu. Mtu akisema anaumwa, anakaa. Simuulizi mara mbili."

Nilimwamini. Naye alijiamini, nina hakika.

Mwaka uliofuata tulifika fainali ya mashindano ya jumuiya za Kiafrika, kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mwezi wa sita, saa nne asubuhi, joto la Guangzhou lile linalokaa kifuani kama taulo lililoloweshwa. Winga wetu alikuwa Otieno, Mkenya wa Nairobi, mnunuzi wa vifaa vya simu, miaka thelathini na nane, mcheshi kuliko wote, na kusema kweli ndiye aliyetufikisha pale. Nilikuwa nimesimama na daftari naandika orodha ya kumpa mwamuzi. Otieno akaja kwa Nahodha akijisugua chini ya bega.

"Nahodha, leo sijiskii fiti. Kifua kinanibana tangu asubuhi."

Nahodha alikuwa anatazama wapinzani wakipasha misuli. Hakugeuka.

"Ni joto. Kunywa maji. Nipe dakika thelathini tu, nitakutoa."

"Sawa, mzee," Otieno akasema, akacheka kidogo.

Nilisikia kila neno. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Kalamu yangu ilikuwa juu ya mstari wa namba kumi na moja, na nikaandika: Otieno.

Dakika thelathini zikapita. Alikuwa anacheza vizuri mno, hakuna aliyemtoa. Mapumziko alikaa peke yake, amejimwagia maji kichwani. Dakika chache baada ya kipindi cha pili kuanza, mpira ukiwa upande wa pili kabisa, hakuna mtu karibu naye, Otieno alisimama, akaweka mikono kiunoni, kisha akaanguka kifudifudi bila kujikinga kwa mikono.

Mtu anayejikwaa huanguka kwa namna nyingine. Uwanja mzima tulilijua hilo mara moja, na bado hatukusogea.

Aliyesogea ni Nahodha. Miaka yote ile sikuwahi kumwona anakimbia, na sikujua kwamba anaweza. Alikatisha uwanja na goti lile bovu, akamgeuza Otieno, akaanza kumgandamiza kifua, vibaya, kwa papara, akiita jina lake. Jina, si nafasi. "Otieno! Otieno!" Pembeni ya uzio kulikuwa na kina mama wa Kichina wanaocheza ngoma ya mazoezi kila asubuhi. Mmoja wao, mwembamba, nywele nyeupe, upepeo mwekundu wa kuchezea bado mkononi, alipita kwenye geti akamsukuma Nahodha kwa kiwiko, akachukua nafasi yake. Baadaye tulijua alikuwa muuguzi mstaafu. Aligandamiza kwa mapigo sawasawa huku akituamuru kwa Kichina, na mimi nikitafsiri kwa sauti iliyonitoka kama ya mtu mwingine, mpaka gari la wagonjwa likafika.

Otieno alipona. Niliseme hilo mapema, kwa sababu sisi tulikaa saa tano bila kulijua. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba karibu wote.

Katika saa hizo tano, kwenye korido ya hospitali, wanaume wa timu walikaa chini wakakubaliana jambo. Kulikuwa na hofu: polisi watauliza, viza zitaangaliwa, mashindano yatafungwa, Nahodha anaweza kushitakiwa. Aliyesema kwa niaba ya wote alikuwa Mkomoro.

"Alianguka ghafla. Hakuna aliyejua. Basi. Kweli si alianguka ghafla?"

Wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye nitakayetafsiri. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo. Nahodha alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwetu. Hakukaa hata dakika moja kati ya hizo saa tano.

Simu ya Otieno ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ikaita. Mke wake, Nairobi. Niliipokea nikaweka spika ili wote wasikie. Alikuwa analia lakini maneno yake yalikuwa yamenyooka.

"Niambieni tu ukweli. Jana usiku aliniambia anaskia kifua kinambana. Nilimwambia asicheze. Leo aliwaambia? Kuna mtu alijua?"

Nikafungua mdomo kusema lile tulilokubaliana. Nahodha akaja, akaichukua simu mkononi mwangu.

"Shemeji, mimi ndiye kocha," akasema. "Aliniambia. Aliniambia mimi, peke yangu, kabla ya mechi. Nikamwambia acheze. Nilitaka kombe."

Kisha yule mama akasema kitu kimoja tu.

"Asante kwa kunijibu."

Na akakata.

Wanaume walimwangalia Nahodha kama mtu aliyevua nguo mbele za watu. Mkomoro alinyanyuka akaondoka. Nilikuwa nimeshtuka kwa alichosema, na zaidi kwa neno moja ndani yake, ambalo wengine hawakulisikia kama nilivyolisikia mimi: peke yangu.

Wiki mbili baadaye, Otieno akiwa tayari anakaa kitandani na kuwatania wauguzi, Nahodha aliacha timu. Alifua jezi, akazikunja, akaniletea. Mwezi haukuisha akawa amerudi nyumbani.

Baada ya mwaka na kitu nikasoma kwenye simu kwamba amechukuliwa kuwa meneja wa klabu moja inayopigania kupanda ligi kuu. Nilisimama katikati ya duka la mikoba na simu mkononi. Nilikasirika, naungama. Nilijiuliza anapata wapi uso. Nikaanza kufuatilia matokeo yake kila wiki, kama mtu anayesubiri jambo baya. Timu ilikuwa inashinda. Halafu, kwenye mechi ya mwisho, ile ya kupanda daraja, alimwacha benchi mfungaji wake bora, bila maelezo, wakafungwa bao moja, na jioni hiyo hiyo wakamfukuza. Mashabiki waliandika mambo ambayo siwezi kuyarudia.

Mwaka huu, wakati wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, nilikuwa napita ukumbi wa vifaa vya hospitali kwenda kwenye ukumbi wa mikoba, na nikamwona. Nywele zimekuwa za kijivu. Amevaa suti iliyombana mabegani, anabishana kwa ishara na binti muuzaji kuhusu kiboksi cha rangi ya chungwa chenye picha ya moyo.

"Dada katibu!" akasema, kana kwamba tuliachana jana. "Njoo unisaidie, haelewi Kichina changu."

Ilikuwa mashine ya kushtua moyo, ile ndogo ya kubeba. Akaniambia ana klabu nyingine sasa, ndogo, ya mkoani, na sharti alilowapa viongozi kabla ya kusaini lilikuwa mashine hiyo.

"Yule mfungaji," nikamuuliza. "Mbona ulimwacha nje?"

"Aliniambia ana kizunguzungu. Akasema lakini anaweza kucheza."

"Ilikuwa nini?"

"Malaria." Akacheka, na sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. "Malaria tu, dada. Walinifukuza kwa malaria. Siku daktari aliponiambia ni malaria nililala kama mtoto."

Nikamuuliza kama huwa anaongea na Otieno.

"Kila wiki. Nilimwomba msamaha. Kwa mdomo, kwenye simu. Ilinichukua miezi minane. Unajua alinijibu nini? 'Buda, hiyo stori tuachane nayo. Niambie mmefungwa ngapi.'"

Binti muuzaji alikuwa ametandika sanamu ya mazoezi sakafuni, kifua na kichwa tu, akamwonyesha Nahodha ajaribu. Alivua koti, akashuka kwa shida, akaanza kugandamiza. Hakuwa tena na papara. Alihesabu kwa Kichina, sawasawa, mpaka thelathini, akapumzika, akaanza tena. Watu wakasimama kutazama. Binti akasema inatosha, inatosha, na yeye akaendelea mpaka akamaliza mzunguko.

Alipokuwa bado chini, anapumua kwa nguvu, nikasema lile nililokuwa nimelibeba miaka yote.

"Nahodha, siku ile mimi pia nilisikia. Nilikuwa pale. Nikaandika jina lake."

"Najua," akasema. "Nilikuona."

"Mbona ulisema alikuambia peke yako?"

Alijifuta uso kwa kiganja. Akanitazama, na macho yake hayakuwa na lawama, wala hayakunibembeleza.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nachagua. Wewe ungeniambia nini, na mimi hata mlangoni sikukuruhusu kuingia?" Akasogea pembeni ya sanamu, akapiga sakafu mara mbili kwa kiganja. "Huko kwenye timu, nani anakaa nao sasa Jumapili?"

"Mimi."

"Na ukiona mtu ameanguka, utafanya nini?"

Nikaitazama ile sanamu.

"Weka mkoba chini," akasema.

Niliuweka. Nikakunja sketi, nikashuka sakafuni mbele ya wageni wote wa Pazhou, nikaweka viganja viwili juu ya kile kifua cha mpira. Kilikuwa kigumu kuliko nilivyofikiri. Nahodha akasahihisha viwiko vyangu, akasema nisiogope kuvunja mbavu, kisha akaanza kuhesabu.